Saini Yenye Shaka

"Eti mimi si mimi!" Emil Hrabovsky alifoka, akiinyanyua kadi yake ya besiboli kwenye mwanga wa dirisha la jikoni.

Mkewe, Verna, akaacha kukanda unga. "Nani kasema?"

"Wapima kadi, wale wanaothibitisha saini na kuzipa kadi daraja. Soma mwenyewe."

Ndani ya kikasha cha plastiki, kwenye picha ya kadi, alikuwamo Emil wa mwaka 1958, masikio makubwa, kofia upande, mdakaji wa timu kubwa ya besiboli kwa msimu mmoja tu. Chini ya kidevu ilikuwapo saini aliyoitia mwenyewe majuzi, juu ya meza hii hii, kabla ya kuituma ikapimwe. Na kibandiko kilisema: Saini yenye shaka. Daraja hakuna.

Verna alicheka mpaka unga ukaruka. "Loo! Miaka yote hii nalala na mtu wa shaka!"

Emil hakucheka. Tangu apatwe na kiharusi, mkono ulikuwa unatetemeka, na sasa ulikuwa umemkana. Jumamosi lingefunguliwa kabati la kioo la kumbukumbu ya wachezaji wa mji wao, Altoona, pale uwanja wa watoto, na mwenyekiti wa kamati, Dwight Stroble, alishasema kadi isiyothibitishwa haiingii. Emil alitaka kuwamo mle kabatini, basi. Hakuwahi kuomba kingine.

Jumamosi asubuhi alisukuma kigari chake cha chokaa kama kawaida, akiuchorea uwanja mistari. Zamani ilinyooka. Siku hizi inayumba, na watoto wala hawana habari, wanaikimbilia hivyo hivyo.

Dwight alisoma kibandiko, akajikuna shingo. "Mzee Emil, sheria ni sheria."

"Saini nimeitia mimi, Dwight."

"Najua."

"Sasa?"

"Kibandiko hakijui."

Aka! Verna hakungoja zaidi. Alivuta kiti, akamkalisha mumewe kando ya kabati, akamshikisha kalamu. "Kadi haiingii? Haya, mwenyewe huyu hapa! Njooni, watoto! Saini za shaka! Za uhakika zimekwisha!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Binti mmoja akatangulia, akanyoosha glavu yake. Emil akaandika, jina likapanda na kushuka kama mistari yake ya chokaa.

"Ni ya shaka kweli, babu?"

"Shaka tupu!"

Binti akatimka akipiga vigelegele. Wakaja wengine na mipira, na kofia, mmoja na plasta ngumu ya mkono uliovunjika. Emil alicheka mpaka akafuta machozi. Furaha ilimjaa, na hakuificha.

Mwisho wa foleni alisimama Dwight. Alitoa kwenye pochi kadi iliyopinda, yenye kutu ya kibanio cha nguo. Pichani ni Emil yule yule wa 1958.

"Utotoni nilikuwa naibana kwenye gurudumu la baiskeli, spoksi ziipige," alisema kwa haya. "Ilikuwa inalia kama pikipiki."

"Kumbe ndiyo maana masikio yananiuma! Wapimaji wataipa daraja gani hii?"

"Wakalale huko. Tia saini, mzee wangu."

Emil akatia. Dwight hakuirudisha pochini. Alitoa ufunguo, akafungua kabati, akaisimamisha pale palipoachwa wazi kwa kukosa kadi ya Emil.

"Na uthibitisho, mheshimiwa?" Verna akamchokoza.

"Nimemwona akiandika."

Nyuma yao mpira wa kwanza ukapigwa. Yule binti wa glavu akatoka mbio, akiufuata mstari wa Emil kila ulipoyumba, chokaa ikimrukia viatuni.