Konzi ya Korosho

Mwalimu Andrea alikuwa bingwa wa kuwahubiria watoto wa Mahurunga kwamba korosho za shamba la ujamaa haziguswi na mtu. Jumatatu akazigusa yeye. Alichota konzi moja tu, mbichi na maganda yake, akaificha ndani ya shati akaenda zake nyumbani.

Alhamisi kifua kilikuwa chekundu, kinawaka moto, ngozi inabanduka. Mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua kila mtu anajua, kwa hiyo Andrea hakutafuta sababu nyingine. Mwizi gani huyu, alijiambia, anatembea na ushahidi kifuani! Akafunga vifungo mpaka shingoni.

Sasa, Ijumaa ilikuwa siku ya sindano yake ya pili ya saratani, mjini Mtwara. Na aliyempeleka kwa lori la kijiji, akaingia naye mpaka chumba cha sindano, ni mwenyekiti mwenyewe, Mzee Chande.

"Fungua shati, Mwalimu," alisema muuguzi, Sista Theresia.

"Choma mkono tu, Sista. Kifua hakina neno."

Theresia akavuta dawa. Andrea aliitazama inavyopanda kwenye bomba, nyekundu, akaogopa kweli. Je, ikikutana na kidonda hiki? Ana watoto wawili wadogo, halafu afe kwa kuona haya?

"Ngoja!" Akafungua shati, akaungama yote, hadi hesabu ya korosho zenyewe, ambayo hakuna aliyeiuliza.

Theresia aliinama. "Korosho gani hii inayochora kwa rula?"

Andrea akajitazama. Pande nne, pembe nne. Miaka kumi na miwili anafundisha hesabu, na mstatili umemkaa kifuani asiutambue! Ni palepale walipompiga mionzi Dar es Salaam mwaka jana, pakapona.

"Dawa ya sindano ya kwanza, wiki tatu zilizopita, imepaamsha palipopigwa mionzi," Theresia alisema. "Si wengi inaowatokea. Ungenyamaza, ningekuongezea nyingine juu yake. Leo huchomwi, namwita daktari."

Andrea alicheka mpaka kifua kikamuuma. Mzee Chande hakucheka.

"La mionzi ni lako na daktari. La korosho ni langu. Ukipona, msimu ujao utapalilia safu nzima peke yako."

"Nimekubali, Mzee," Andrea alijibu, machozi yakimtoka. Tangu augue, hakuna mtu aliyewahi kumpangia kazi ya mwakani.