Mgonjwa wa Nyuma ya Ukuta

Atuganile alikuwa muuguzi mwenye shahada mbili, na ya tatu, ya uzamivu, akiitafuta kwa jasho. Lakini baba mkwe wake alipokatiza uani, alijificha nyuma ya tangi la maji kama mtoto aliyevunja sahani. Usimcheke. Ndivyo alivyofundwa alipoolewa kijijini Lufingo: mkamwana hamtazami baba mkwe, halitaji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Vijana wameyatupa hayo, na mumewe, Lutufyo, aliyafanyia mzaha waziwazi. Mzee Anyelwisye hakuyatupa. Tangu mkewe afariki aliishi peke yake katika nyumba ya chini, migombani, na mambo yote kati yake na mkamwana yalipita ukutani. Chakula kiliachwa kizingitini. Salamu zilitolewa kwa sauti, kila mtu akiangalia upande wake.

Jumamosi moja asubuhi, mvua ikinyesha bila haraka ya kukatika, Atuganile alipeleka uji akakuta chakula cha jana hakijaguswa. Kisha akamsikia mzee akitapika.

Lutufyo alikuwa Makambako kikazi, na mtoto wao Lwitiko yuko shule ya bweni. Hapakuwa na mtu wa kumtuma mle ndani. Akasimama chini ya upenu, mgongo ukutani.

"Baba, ugonile? Umelalaje? Unaumwa nini?"

"Tumbo tu, Mama Lwitiko. Hapa juu, chini ya mbavu. Ni yale maharage."

Wiki hiyo masomoni walikuwa wanajifunza kumchunguza mgonjwa asiyeonekana, aliye mbali, kwa maswali tu kwenye simu. Atuganile aliongoza darasa kwa hilo, na si ajabu, maana nyumbani kwake alikuwa na mazoezi ya miaka. Akauliza maumivu yalianzaje, yanaelekea wapi, kama kuna homa. Mzee akajibu yote kwa upole. Ni kiungulia, akaamua. Akaacha dawa na maji ya chumvi na sukari kizingitini, akakimbilia darasa lake la mtandaoni. Na kusema kweli alifurahi kidogo, kwa sababu zamu ya kuwasilisha mgonjwa ilikuwa yake, na sasa alikuwa naye.

Akamwelezea mgonjwa wake kwenye kompyuta, bila jina, vizuri kabisa. Godwin, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa Dodoma, akasema naye anaona ni kiungulia. Mwalimu wao, Dokta Felista, hakusema hivyo.

"Mzee anatapika, hali chakula. Kinena chake umekiona?"

"Dokta, zoezi linasema bila kumwona."

"Kama yuko mbali. Huyu yuko umbali gani?"

Atuganile akatazama dirishani. Paa la mzee lilionekana pale pale, kati ya migomba. "Yuko hapa nyumbani," akasema. "Ni baba mkwe wangu."

Godwin akaangua kicheko. Dokta Felista hakucheka hata kidogo.

"Basi hayo majibu amempa mkamwana. Muuguzi bado hajajibiwa."

Atuganile akaelewa. Baba mkwe gani atamwambia mkamwana wake kwamba anaumwa chini ya kitovu? Angeyapandisha maumivu mpaka mahali penye adabu. Mbavuni, kwa mfano. Aliiacha kompyuta inaongea peke yake, akakimbia kwenye mvua.

"Baba, tangu jana umepata choo? Hata upepo, umetoka?"

Kimya. Akarudia swali. Akasikia mguno mrefu wa mtu anayeuma shuka asisikike.

Aliogopa kuingia, na aliogopa kutoingia. Shangazi waliomfunda walimwambia kwamba mkamwana anayeona uchi wa mkwe huleta maradhi kwenye boma zima. Kichwa chake cha msomi hakikuamini neno la hayo. Magoti yake yaliamini, kwa maana yalikuwa yanagongana. Lakini je, mzee akifa? Atamwambia nini Lutufyo, kwamba baba yako alikata roho nami niko nje namuuliza kwa heshima?

"Baba, naingia."

"Usiingie! Nakuomba, Mama Lwitiko. Niache nife na heshima yangu."

Akausukuma mlango.

Mzee alikuwa amejifunika blanketi gubigubi. Atuganile akasema lile analowaambia watu asiowajua. "Naitwa Atuganile. Ni muuguzi. Naomba ruhusa nikukague."

Mkono uliokuwa umelikaza blanketi kiunoni ukaachia.

Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza. Kinenani kulikuwa na uvimbe mgumu, ngozi yake imeanza kuwa nyeusi, na alipougusa mzee akapiga yowe. Ngiri. Utumbo ulikuwa umenaswa na ulikuwa unakufa.

"Tangu lini, baba?"

"Alhamisi," sauti ikasema ndani ya blanketi.

Akampigia Meshaki, jirani mwenye pikapu ya kubebea ndizi. Njia nzima ya kwenda hospitali Tukuyu alikaa nyuma chini ya turubai, amemkumbatia mzee asirushwe na mashimo, na kila mzee aliponyamaza alimwekea kiganja puani kuona kama bado anapumua.

"Ulinidanganya, baba."

"Sikukudanganya. Nilikuheshimu."

Atuganile akalia, wala hakujificha.

Daktari wa upasuaji alitoka kumwambia kwamba wamekata kipande cha utumbo na mzee atapona, lakini wangechelewa mpaka jioni pasingekuwa na la kufanya. Akazikumbuka zile dawa za kiungulia, ikabidi ajishike ukutani.

Kesho yake mchana alifika na nguo safi hadi mlango wa wodi ya wanaume, akashindwa kuendelea. Sasa mzee alikuwa na akili timamu na nafasi ya kukumbuka jinsi alivyoonwa. Huenda asiseme naye tena, hata ukutani. Akampa Lutufyo, aliyekuwa amewasili, azipeleke.

Akiwa pale nje alimsikia nesi wa zamu akiuliza, "Mzee, maumivu vipi?"

"Hakuna, binti yangu. Niko salama kabisa." Nesi akapita kitanda kingine. Kisha mzee akamuuliza mwanawe, "Muuguzi wangu yuko wapi?"

"Muuguzi yupi, baba?"

"Atuganile."

Hakuwahi kulitamka jina hilo. Atuganile akaingia akiangalia sakafu, akasimama kando ya kitanda.

"Nimemwambia yule binti sina maumivu," mzee akasema. "Si kweli."

Akaisogeza shuka mwenyewe, akaonyesha kwa kidole.

"Panauma hapa."