Maji ya Manjano

Tangu asubuhi asidi ilikuwa ikitafuna mchanga mweusi kwenye beseni la plastiki, uani nyuma ya nyumba. Sumaku ilikuwa imeshanyonya chuma chote ilichokiweza. Uliobaki ni mchanga mbishi, umeng'ang'ania vumbi la dhahabu kama kupe. Kazi ya asidi ilikuwa kuula uchafu na kuiacha dhahabu, jasho la nyumba nzima la miezi mitatu.

Jua la utosi, mama mkwe aliinama kutazama, akapiga yowe.

"Dhahabu iko wapi?"

Mchanga ulikuwepo. Kinachong'aa, hata punje.

Shemeji akatoka mbio ndani, akamkazia macho mke wa kaka yake, yule waliyempachika jina la Kimya kwa sababu hutazama mara saba kabla ya kufungua mdomo.

"Nani alikaa na beseni?"

"Mimi, shemeji."

"Basi tapika! Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mimi kuku, shemeji, nimeze mchanga?"

"Mwaga hayo maji tukague," mama mkwe akaamuru. "Na isipoonekana, bibi wee, leo hii urudi kwenu."

Shemeji akashika beseni. Kimya akaubana ukingo wa pili. Maji yakayumba, tone likaruka na kutoboa gauni lake gotini.

"Msimwage! Dhahabu imo humu humu. Hamuoni yalivyo manjano?"

Asubuhi alikuwa ameona chembe nyeupe kwenye vidole vya mama mkwe, asiulize. Sasa kumkosoa mama mbele ya mwanawe ni kukata tawi alilokalia. Na kunyamaza ni kurudi kwao na jina la mwizi.

"Mama, uniwie radhi. Kuna kitu uliongeza?"

"Konzi moja ya chumvi. Kwani vipi? Zebaki miaka yote naiosha kwa chumvi, inatakata."

"Zebaki, sawa. Lakini asidi hii ikiwa peke yake haigusi dhahabu. Ikipata chumvi, inaila. Nililiona hilo kwa sonara niliyekuwa nikimfagilia duka."

Shemeji akacheka bila furaha. "Kumbe mwizi ni mama!"

"Mwizi ni chumvi," Kimya akasema, na hakumwangalia mtu.

Akayachuja maji ya manjano, akayatia kwenye chupa ya kioo, akatumbukiza waya wa shaba, kama sonara alivyofanya kuirudisha dhahabu. Moshi wa kahawia ukafoka. Wote watatu wakarudi nyuma wameziba pua. Wakangoja. Maji yakageuka kijani, na chini pakatuama vumbi la rangi ya udongo.

"Matope," shemeji akasema. "Umetupikia matope."

Kimya akayakusanya hayo matope. Aliyaosha, akayakausha, akayaweka kwenye kikombe cha udongo na boraksi kidogo ya kuyeyushia, akaupuliza moto. Vumbi likajikunja, likakusanyika, likawa tone jekundu. Lilipopoa, lilikuwa manjano.

Mama mkwe akalitia menoni, akalipima kiganjani.

"Mwombe radhi mke wa kaka yako," akamwambia mwanawe.

"Mimi? Chumvi nilitia mimi?"

"Anza wewe. Mimi neno la radhi bado limenikwama kooni."