Mlango wa Chumba cha Mama

Asubuhi ile Bi Tupa alikuwa amebana ufunguo kwenye jiliwa, anausugua meno kwa tupa, huku chai yake ikipoa juu ya kopo la misumari. Jina hilo alipewa na wapangaji wenzake, kwa sababu hata akienda kuteka maji huwa na tupa mfukoni. Karakana yake ilikuwa chumba kile kile alimolala. Kitanda kilikuwa upande huu, meza ya kazi upande ule, na ukutani vilining'inia vifuniko vya shaba vya matundu ya funguo, vya umbo la jani, la samaki, la mwezi mchanga, ili jicho la mmbeya likija kuchungulia likute shaba.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa ya kaka yake. Kaka alikuwa anaikarabati nyumba ya marehemu baba yao, nyumba kongwe ya ghorofa yenye milango mizito ya mbao, na alitaka kila mlango urudishiwe ufunguo na kifuniko chake kama zamani.

"Nani mwingine anaijua milango ile kama wewe?" alimwambia kwenye simu.

Ilikuwa kweli. Bi Tupa na ndugu zake wote walizaliwa humo. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikaa kikao kimoja, wakaamua nyumba ni ya kaka, maana mtoto wa kike mlango wake uko kwa mumewe. Mume wa Bi Tupa alikuwa keshakufa. Wazee walimpa pole, pamoja na mapazia ya nyumba hiyo.

Ufunguo wa mlango wa barazani wa chumba cha mama ulipokamilika, Bi Tupa alitaka kujua kama shingo yake imenyooka. Akaujaribu kwenye kitasa cha mlango wake mwenyewe. Ukazunguka kama uliopakwa siagi. Alipofungua, badala ya ujia wenye ndoo za wapangaji aliona dirisha refu, kitanda, na mama yake juu ya kitanda akimenya chungwa.

"Umekawia," mama alisema.

"Kazi, mama."

"Basi funga mlango. Huko kwako kunanuka mafuta ya taa."

Kutoka pale hadi nyumba ya kaka ilikuwa safari ya basi ya kutwa nzima. Bi Tupa hakuwa amemwona mama tangu mwaka uliopita, kwani kila akiomba kwenda, kaka alisema mafundi wamejaa, asubiri kidogo. Sasa aliketi kitandani, akapokea pande la chungwa, wakapiga soga mpaka chungwa likaisha. Kisha akarudi kwake kwa mlango uleule na kuwasha jiko la kuyeyushia shaba.

Alichonga funguo mbili zaidi za mlango ule na vifuniko viwili, samaki kwa dada yake mkubwa na jani kwa kitindamimba wao, akavituma kwa basi.

"Pigilia kifuniko mlangoni kwako kwanza," alimweleza Dada kwenye simu, "halafu zungusha kushoto."

"Nibadilishe nguo?"

"Ni mama tu."

Basi Jumamosi Dada aliingia na unga hadi viwikoni. Kitindamimba akafuata na sare yake ya uuguzi, akiburuta nyuma yake manyunyu ya mji wake. Mama alisema mlango ule unamletea majira yote ya mwaka naye hajatoka kitandani. Walimchana nywele. Kitindamimba aliigiza baba anavyokoroma, Dada akacheza dansi na mto, na mama akacheka hadi akashika mbavu, akaomba vichekesho vije kimoja kimoja.

Kaka alisikia vicheko akaingia kwa mlango wa ndani.

"Mmepitia wapi?"

"Mlangoni," alisema Bi Tupa.

"Upi?"

"Wangu."

Kaka aliinama, akakitazama kifuniko ambacho Bi Tupa alikuwa amekipigilia kwenye mlango wa barazani, akakisukuma kwa kidole kuona kinavyobembea. Akaisifu kazi. Akauliza cha chumba cha kulia kitakuwa tayari lini.

"Wiki ijayo."

"Na sisi, kaka," Dada alisema, unga bado mikononi, "nyumba yote hii hatuna hata chumba?"

"Hilo wazee walishalimaliza," alijibu kwa upole, maana hakuwa mtu wa makelele.

Alitoka, akarudi na viti vizuri vya sebuleni, kimoja kimoja, akavipanga mbele ya kitanda. Kisha akaleta keki kwenye sinia.

"Karibuni, msione haya," alisema. "Hapa ni kama kwenu."

"Asante, kaka," alisema kitindamimba.

Mama akajisogeza hadi ukutani, mabinti wakapanda kitandani wote watatu na sinia lao, na viti vikabaki vitupu.