Upepo wa Milango Miwili

"Mimi na joto tumetoka tumbo moja," Fundi Cherehani alimwambia shoga yake, Mama Pacha. "Halinifanyi kitu."

Aliyasema hayo amechutama jikoni, kichwa chote kikiwa ndani ya friji, kati ya nyanya na jagi la maji. Alipokitoa, miwani yake ilijaa ukungu asione hata kiti kiko wapi.

"Natafuta limau," akasema. Kisha akacheka mwenyewe. "Limau lenyewe sijanunua."

Waliishi ghorofa ya kumi na moja, chini kidogo tu ya jua. Ukuta wa Fundi ulikula jua mchana kutwa, na jioni ukalitapika humo humo chumbani. Lakini dawa ilikuwepo, na ilikuwa dawa ya watu wawili. Milango yao ilitazamana, korido nyembamba ikiwa katikati. Upepo uliingia kwa madirisha ya Mama Pacha, ukavuka korido, ukaipitia cherehani ya Fundi na kutokea roshani. Kila mmoja aliuzuia mlango wake kwa jiwe. Mmoja akifunga, upepo umekufa.

Ndiyo maana mwanawe Fundi alipomletea kiyoyozi, Mama Pacha alikuja akakaa juu ya boksi lake kama kuku anayeatamia.

"Ukiwasha hiki, shoga, utafunga mlango. Sasa mimi niende wapi? Unataka kunizika na nywele nilizosuka jana?"

"Mwanangu atanuna."

"Mwache anune. Mtoto hununa akarudi. Mimi utaniokota wapi tena?"

Hilo lilimwingia Fundi. Walikuwa wamezeeka pamoja. Hata miwani walikwenda kupimiwa siku moja. Wakapeana mkono kwamba kati yao hakuna atakayewasha mashine ya baridi. Kiyoyozi kikarudi dukani, na mwana akanuna kweli, ikawa simu anapokea mkewe.

Joto lilipopamba moto, jiwe la Mama Pacha likatoweka mlangoni. Mlango ukafungwa.

"Kulikoni, mwenzangu?" Fundi akabisha.

"Mafua," sauti ikajibu kutoka ndani. "Daktari kanikataza upepo."

"Pole, jamani. Nije nikukande?"

"Usijisumbue, dada. Nitakuambukiza bure."

Fundi akamwonea huruma. Alichemsha chai ya tangawizi katika jiko ambalo hata bila moto lilikuwa tanuri, akaiacha mlangoni kwenye chupa. Chupa ikarudi imeoshwa. Akachemsha nyingine.

Kwake hakukukalika. Feni ilihamisha joto kutoka pembe hii kwenda ile, kama mtu afagiaye asizoe. Alikuwa anashona gauni la bibi harusi, hariri nyeupe. Akiinamia sindano, tone la jasho likamtoka puani na kutua kifuani mwa gauni. Doa likagoma kutoka. Akafumua kipande kizima, huku akijiambia kwamba mafua huisha.

Akatoka koridoni kutafuta pumzi. Alipofika mbele ya mlango wa Mama Pacha, vidole vya miguu vikashtuka ndani ya ndala. Baridi. Ilikuwa inapenya chini ya mlango, nyembamba na tamu. Akavua ndala, akaisogeza miguu yote miwili pale. Miguu ilifurahi kwanza. Moyo ndio uliochelewa kuelewa. Ulipoelewa, alikumbuka boksi lile, na mwanawe aliyelibeba kurudi dukani bila kuaga.

Akavaa ndala zake. Akabisha.

Mama Pacha alifungua upenyo wa kupita paka, akajipenyeza nje na kuuvuta mlango nyuma yake haraka.

"Mafua yanaendeleaje?" Fundi akauliza.

"Yana nafuu, shoga. Sasa litakaloniua ni joto." Akajipepea kwa kiganja. "Humo ndani naiva kama mkate. Na vile tulivyopeana mkono, hata feni sijagusa."

Hajamaliza kusema, miwani yake ikaanza kuingia ukungu, kutoka pembeni ikielekea katikati, mpaka vioo vyote viwili vikawa vyeupe kama maziwa na macho yakapotelea huko nyuma.

Fundi aliitazama ile miwani. Hakupandisha sauti.

"Kumbe na wewe ulikuwa unatafuta limau."

Mama Pacha akaivua, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Ikajaa ukungu upya.