Siku Tatu za Theopisti

Theopisti Vranou hakuwa hata amemaliza kushuka ngazi za Ikulu waandishi wa habari walipomzonga. "Mama, unairudisha saa ngapi?" Walimuuliza hivyo hivyo, kana kwamba ameazima sufuria kwa jirani. Na ndivyo ilivyo kwetu Ugiriki: serikali ikianguka, Rais huwaita viongozi wa vyama vitatu vikubwa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja hupewa dhamana ya siku tatu ajaribu kuunda nyingine. Wawili wa kwanza walikwisha kushindwa, na Theopisti ndiye wa tatu. Wa tatu, kwa desturi, huirudisha dhamana hiyo kahawa ikiwa bado ya moto, Bunge likavunjwa, watu wakaenda kupiga kura. Unafiki mtupu, lakini tumeuzoea.

Safari hii palikuwa na wafu waliozisubiri siku hizo. Kamati iliyochunguza moto wa kijiji cha Paleovrisi ilikuwa imemaliza kazi, na kesho yake mwenyekiti wake, mzee Kosmas Tsiaras, angeisoma ripoti mbele ya Bunge. Bunge likivunjwa leo, ripoti inazikwa nalo. Aliyetajwa humo ni Vyron Delikaris, waziri wa wakati ule, aliyechelewa kutoa amri ya kuwahamisha wanakijiji. Sasa ndiye kiongozi wa chama kikubwa kuliko vyote.

Delikaris alimwita ofisini kwake mchana huo huo.

"Theopisti, dada yangu, tusizungushane. Kwa kura za maoni chama chako hakifiki hata asilimia tatu za kuingilia Bungeni. Mwezi ujao mikutano yenu mtaifanyia kwenye mgahawa wa mjomba wako."

"Mjomba alishaufunga."

"Loo! Basi hata hapo hamna pa kukaa." Alicheka, kisha akaacha ghafla. "Irudishe leo. Njoo kwangu na watu wako. Wizara ya Elimu ni yako."

"Na Paleovrisi?"

"Paleovrisi palikuwa na upepo. Upepo nao tuushtaki?"

Theopisti aliitamani wizara ile, tusidanganyane. Miaka yote ya kuhutubia kumbi zenye viti vitupu, ya kuchekwa na hata makarani wa Bunge, ilimlilia ndani kama mtoto mwenye njaa. Lakini alipofika barabarani moyo ulikwisha kukata shauri, na ukawa mwepesi hata akajistaajabia. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kosmas, baba yake wa ubatizo, mtu aliyemwingiza chamani na kumfundisha kupanda jukwaani.

Alimkuta mezani akimenya chungwa.

"Baba, siirudishi. Waje na vitisho vyao. Kesho utasoma."

Mzee hakuinua uso. "Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Si dada yako Aspasia aliungua kule Paleovrisi?"

"Najua aliyeungua!" Kisu kilitua mezani. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa chini. "Uchaguzi ukija mapema hivi, mpiga kura hatii msalaba kwenye jina la mtu, huchagua chama tu. Kiongozi wa chama ndiye anayepanga nani aingie. Mimi watu wa milimani wamenitilia msalaba tangu hujaolewa. Safari hii msalaba hakuna. Na kwako, hata ukiniweka wa kwanza, siingii. Vyron ameniweka wa kwanza kwenye orodha yake."

"Kwa bei gani?"

"Kesho naumwa."

Theopisti alitaka kumtukana, akakosa tusi linalomtosha mtu aliyempakata kwenye maji ya ubatizo.

"Wewe ndiye uliyenifundisha—"

"Nilikufundisha ukiwa mdogo. Mkono mtupu haulambwi, binti yangu." Akamsogezea kipande. "Kula chungwa."

Hakula. Alirudi kwenye gari akakaa bila kuliwasha. Mwenyekiti asiposoma, hakuna asomaye, ndiyo kanuni. Kwa hiyo sababu ya kukataa ilikuwa imekufa, na wizara ilikuwa hai, inamngoja. Nani angemlaumu? Alikuwa akitafuta namba ya Delikaris simu ilipolia. Alikuwa Stamatia wa Paleovrisi, aliyezika mume na wanawe wawili katika jeneza moja.

"Mama, tumeshapita Lamia. Tumekodi basi, tumekuja wote tuliobaki. Huko Bungeni wageni wanaingilia mlango gani?"

Theopisti alifumba macho. "Stamatia, ripoti haisomwi. Kosmas amejitoa."

Upande wa pili zilisikika sauti za watu wakiulizana, na kikohozi kikavu cha mzee.

"Kosmas wetu?"

"Ndiye."

"Kwa hiyo tugeuke?"

Kugeuka kwao kungemrahisishia kila kitu.

"Msigeuke. Dhamana siirudishi, Bunge litakuwepo kesho, na kesho kutwa. Nitapanda jukwaani mimi, niseme ninachokijua mpaka wanishushe."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Stamatia aliwaambia wenzake, kisha akarudi kwenye simu.

"Haya. Basi tuwekee maji ya kunywa, mama. Tuna wazee humu."