Waya wa Akiba

Swafwan aliupa mlango mgongo. Aliketi kwenye baraza ya nyumba ile ya Kinondo, kompyuta mapajani, uso ameuelekeza kwa kuku waliokuwa wakiparura chini ya mpapai, na kila alipotaka kusema neno aliwaambia kuku wale. Nyuma yake palikuwa na pazia. Nyuma ya pazia alikuwapo Mwanamkuu, mkubwa wake wa kazi, aliyekuwa katika eda ya mumewe. Mwanamume asiye maharimu wake hakai naye uso kwa uso, na Swafwan alikuwa kijana wa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

"Ungekuja mapema," sauti ilitoka ndani.

"Nilistahi, dada. Mtu yumo edani, nimjie na habari za mitambo?"

"Na sasa?"

"Sasa maji yamezidi unga."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Hospitali ndogo ya wakfu huko Msambweni, walikofanya kazi wote wawili, ilikuwa na mashine kubwa mbili, na ndani ya kila moja zimo seva kadhaa zisizoshikika kwa mkono, kama wapangaji katika nyumba moja. Seva moja ilikuwa msimamizi. Ndiye aliyewahamisha wenzake, ndiye aliyeamuru mafaili yachukuliwe nakala. Swafwan, kwa nia njema, alimtoa msimamizi huyo kwenye njia yake ya zamani ya mtandao akamwingiza kwenye njia mpya. Njia hiyo mpya haimpitishi yeyote bila idhini ya msimamizi, na msimamizi ndiye aliyebaki nje akigonga. Tangu hapo haonekani wala hasikii. Wapangaji waliendelea na shughuli zao, ila hapakuwa na wa kuwaamuru. Hilo lingevumilika, lakini diski ya mashine aliyokaa msimamizi, iliyobeba na mafaili ya wagonjwa, ilikuwa imeanza kufa. Yasipohamishwa upesi kwenye mashine ya pili, yatapotea yote: ya kina mama wajawazito, ya watoto wa chanjo, ya wagonjwa wa sukari.

Mwanamkuu aliyasikia hayo akiwa juu ya mkeka, akashangaa kwamba hayamgusi. Tangu mumewe Abubakar alipofariki katika ajali ya lori karibu na Mackinnon Road, alikwisha jiambia kuwa eda ikimalizika harudi kazini. Chumba kile cha mitambo hospitalini walikijenga pamoja, yeye kwa kompyuta, mumewe fundi wa umeme kwa koleo na ngazi. Angeingiaje humo tena? Hata jina la marehemu halikutajwa ndani ya nyumba ile. Mamamkwe wake, Bi Mwanarusi, hakulitaja, naye akafuata. Walipika, wakala, wakaswali, kila mmoja akimhurumia mwenziwe kwa kunyamaza.

"Wauguzi waliniuliza asubuhi," Swafwan aliwaambia kuku, "kama mafaili yatafika jioni. Nikainamisha uso, nikaja huku."

Mwanamkuu alivuta pumzi. Hakupenda kijana wa watu aaibike.

"Achana na msimamizi. Ingia kwenye mashine yenyewe aliyomo. Waweza, kutoka hapo?"

"Nimeshaingia, dada."

"Unda njia ndogo, ya kizamani, isiyoomba ruhusa kwa mtu. Tutaipa waya mmoja, kisha tumrudishe msimamizi humo."

Vidole viligonga kwa muda. "Njia ipo. Lakini nyaya ni mbili, na zote zaonyesha uhai. Nichukue upi?"

Waya mmoja ulibeba shughuli zote za hospitali, mwingine ulikuwa wa akiba. Wakichukua usio wenyewe, hospitali itakatika, na Swafwan atakatika nayo. Kuirudisha kutataka mashine izimwe, na diski ile ikizimwa haitaamka. Mwanamkuu aliogopa, na alichokiogopa zaidi ni kwamba jibu alikuwa nalo.

"Abubakar," alisema.

Jikoni, mwiko uliacha kugonga sufuria.

"Abubakar ndiye aliyezipitisha. Alikosa utepe wa kutia alama, akachana pindo la kikoi alichokuwa nacho begani, akaufunga ule wa akiba. Nikamgombeza. Akanambia, 'Msafiri hatoki na ndara moja, bibi wee. Hii ndiyo ya pili.'"

"Kitambaa cha kijani na nyeupe?" Swafwan aligeuka nusu, akakumbuka, akawarudia kuku. "Nakiona kila nikifagia! Nilidhani takataka, nusura nikikate."

"Kiko kwenye tundu gani la mashine?"

"La pili, dada. Nina yakini."

"Basi chukua wa pili. Bismillahi."

Aliukaza ushungi wake kwa mikono miwili akangoja.

"Waya umetoka," Swafwan alisema. "Hospitali ipo. Namwingiza msimamizi." Kisha, baada ya kitambo ambacho Mwanamkuu alikiona kirefu kuliko eda yenyewe: "Ameitika! Namwona, dada. Naye aziona mashine zote."

"Usishangilie. Hamisha mafaili kwanza."

Yalivuka polepole, na adhana ya alasiri iliwakuta wangali wakingoja. Lilipokwisha vuka faili la mwisho, Mwanamkuu alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza kilio hakikumuunguza.

"Kitambaa kile usikitoe," alimwambia Swafwan alipokuwa akiaga. "Nikirudi nikikute."

Neno lilikwisha mtoka ndipo alipolisikia.

Bi Mwanarusi alitoka jikoni, mwiko ungali mkononi, akajikalisha mkekani kando ya mkwewe.

"Kikoi cha kijani na nyeupe," alisema. "Mimi ndiye niliyemnunulia, cha Idi. Nikamuuliza pindo liko wapi, akaniapia kuwa limeliwa na panya."

Mwanamkuu alimtazama. Midomo ya mama ilikuwa ikitetemeka, na haikujulikana kama ni kwa kilio au kicheko, hadi kicheko kilipotangulia.

"Panya!" alisema Bi Mwanarusi, akijifuta macho kwa kiganja. "Nikaenda kununua na mtego. Haya, mwanangu, anza mwanzo. Alipanda ngazi, kisha?"

Mchuzi ulianza kunukia kuungua. Hakuna aliyeinuka.